Uendelevu Usio na Kumbukumbu: Uhakiki wa Majina ya Viwanja vya HafenCity, Hamburg, kwa Jicho la Pwani ya Waswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki HafenCity, eneo jipya la ofisi na makazi linalojengwa tangu mwaka 2001 katika sehemu ya bandari ya zamani ya Hamburg, Ujerumani. Eneo hili hutajwa mara kwa mara kuwa kielelezo cha mji endelevu, na makala yanakubali sehemu kubwa ya sifa hiyo. Hata hivyo, yanasoma majina ya viwanja vyake vitatu mashuhuri, yaani Magellan, Marco Polo na Vasco da Gama, sambamba na historia ya Kilwa, Mombasa, Malindi na Zanzibar. Hoja kuu ni kwamba HafenCity imepanga uhusiano wake na maji, ardhi na nishati kwa umakini mkubwa, lakini haijapanga kwa umakini huohuo uhusiano wake na watu ambao bandari hiyo ilitajirika kupitia kwao. Makala yanapendekeza kwamba dhana ya uendelevu ipimwe pia kwa kigezo cha amana.

1.0 Utangulizi

Hamburg ni mji uliotajirishwa na maji. Uko kandokando ya mto Elbe, takriban kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, lakini kujaa na kupwa kwa bahari hufika hadi katika gati zake. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, bandari hii si ngeni kama inavyoweza kudhaniwa. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na tawi Zanzibar tangu mwaka 1849, na sehemu ya faida yake ilitokana na kauri zilizookotwa katika fukwe zetu na kupelekwa Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifunga mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 ikaanzishwa Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyounganisha bandari hiyo na koloni jipya la Ujerumani katika pwani hii. Kwa hiyo, anayeandika juu ya bandari ya Hamburg kwa Kiswahili haandiki juu ya jambo la watu wengine tu.

HafenCity iko kusini mwa katikati ya mji, ng'ambo ya Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu ulioingizwa mwaka 2015 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Maghala hayo yenyewe yalijengwa baada ya watu wapatao 20,000 kuondolewa katika makazi yao kuanzia mwaka 1883 ili kupisha bandari huru iliyofunguliwa mwaka 1888. Karne moja baadaye, makontena yalipohamisha shughuli za meli kwenda ng'ambo ya mto, gati za zamani zilibaki bila kazi. Mpango wa kuzigeuza kuwa mji ulitangazwa hadharani mwaka 1997, na mwaka 2000 Serikali ya mji ikaidhinisha mpango kabambe uliobuniwa na timu ya Kees Christiaanse na ASTOC. Eneo lote, pamoja na maji yake, ni hekta 157. Lengo ni kupata nafasi za kazi zifikazo 45,000 pamoja na nyumba za maelfu ya familia, shule, chuo kikuu na ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie uliofunguliwa Januari 2017.

Maandishi mengi kuhusu eneo hili yametoka kwa wasanifu majengo, wachumi na wataalamu wa mazingira. Swali lao la msingi ni iwapo mji huu unafanya kazi. Swali la makala haya ni jingine: mji huu unasema nini, na unamsemesha nani?

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni onomastiki, taaluma inayochunguza majina kama ishara zenye historia, kusudi na athari. Jina la mahali halitaji mahali tu. Humwelekeza msikilizaji aanzie wapi kuwaza. Mhimili wa pili ni mbinu ya usomaji sambamba iliyopendekezwa na Edward Said katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu utamaduni na ubeberu. Said anamtaka mhakiki asome simulizi ya mji mkuu wa kibeberu pamoja na simulizi ya wale waliotawaliwa, kama sauti mbili za wimbo mmoja, bila kuruhusu moja iizime nyingine.

Data za uhakiki ni majina yenyewe, misingi ya mpango wa eneo kama inavyofahamika hadharani, na matukio ya kihistoria yaliyothibitishwa. Makala hayadai kueleza fikra za wakazi wa HafenCity. Yanahakiki matini ambayo wakazi hao wamekabidhiwa.

3.0 Uchambuzi

3.1 Maji yaliyosikilizwa

Ni haki kuanza na kile kilichofanywa vizuri. HafenCity iko nje ya tuta kuu la kuzuia mafuriko. Jambo hili si dogo katika mji ambao usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962 ulipoteza watu 315 kwa mafuriko ya bahari. Wapangaji wangeweza kulizungushia eneo lote ukuta, lakini ukuta ungewatenga watu na maji na ungegharimu miaka mingi ya kusubiri. Badala yake, walirudi katika maarifa ya wakulima wa kale wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, waliojenga nyumba zao juu ya vichuguu vya udongo. Majengo na barabara kuu vimeinuliwa kufikia takriban mita 8 au zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali njia za watembea kwa miguu kando ya gati zimeachwa chini. Maji yakijaa kupita kiasi, njia hizo huzama, milango ya sehemu za chini hufungwa, na maisha huendelea juu.

Hapa pana fikra ya kina. Mji haukujaribu kuyashinda maji; ulikubali kuyapisha. Aidha, ujenzi umefanyika katika ardhi iliyokwishatumika badala ya kumeza mashamba. Tangu mwaka 2007 majengo hupewa cheti cha mazingira kulingana na matumizi yake ya nishati na vifaa. Njia ya treni ya chini ya ardhi, U4, ilianza kuhudumia eneo hili mwaka 2012, wakati sehemu kubwa ya nyumba haijajengwa. Viwanja havikuuzwa kwa mwenye fedha nyingi pekee, kwani ubora wa wazo la ujenzi nao ulipimwa.

Kasoro za kijamii zipo, nazo zimejadiliwa sana. Sehemu ya magharibi, iliyotangulia kujengwa, ilikuwa ya wenye kipato kikubwa. Nyumba za kodi nafuu zilipewa uzito baadaye, katika sehemu za kati na mashariki, ambako takriban theluthi moja ya nyumba hutengewa ruzuku. Gharama ya Elbphilharmonie kwa mji ilipanda kutoka euro milioni 77 zilizotajwa mwanzoni hadi euro milioni 789. Mnara wa Elbtower, uliokusudiwa kufika mita 245, ulisimama mwaka 2023 ukiwa na takriban mita 100 baada ya mwekezaji wake kuishiwa nguvu. Mifano hii inaonesha kwamba mji endelevu unaweza kutegemea fedha zisizo endelevu. Hata hivyo, kasoro hizi zinajulikana na zina wasemaji wake. Makala haya yanajali ile isiyo na msemaji.

3.2 Majina matatu, pwani moja

Viwanja vya wazi vya sehemu ya magharibi vinaitwa Magellan-Terrassen, Marco-Polo-Terrassen na Vasco-da-Gama-Platz. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2005, na kinashuka kwa ngazi hadi katika bandari ndogo zilikofungwa meli za kale. Cha pili, cha mwaka 2007, kina nyasi, miti na sakafu za mbao za kukalia. Cha tatu kina uwanja wa mpira wa kikapu. Ni mahali pazuri pa vijana kucheza na wazee kupunga upepo. Wapangaji hapa wametenda kile ambacho baraza hutenda katika miji yetu, yaani kumpa mpita njia ruhusa ya kukaa bila kununua kitu.

Mantiki ya majina haiko mbali. Bandari ni lango la dunia. Mabaharia na wasafiri walifungua dunia. Basi viwanja vya bandari vipewe majina yao. Kwa anayesimama sitahani, mantiki hii haina doa. Hali inabadilika tunapoyasoma majina hayo tukiwa tumesimama ufukoni, kwa sababu majina yote matatu yana njia inayofika katika pwani ya Waswahili.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mombasa walimshuku, Malindi walimkaribisha, na ni kutoka Malindi alikopata rubani wa kumvusha hadi India. Utamaduni wetu una methali isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alirudi mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Sehemu ya dhahabu hiyo ilitumika kutengeneza chombo cha ibada kinachojulikana kama Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho hadi leo ni miongoni mwa hazina za makumbusho ya Lisbon. Kwa maneno mengine, kodi ya Kilwa bado inaonekana kwa macho.

Magellan anakumbukwa kwa safari ya kuizunguka dunia iliyoanza mwaka 1519. Ni mara chache hutajwa kwamba alianza ubaharia akiwa kijana katika msafara wa Francisco de Almeida ulioondoka Lisbon mwaka 1505. Msafara huohuo uliiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka huo. Marco Polo naye hakumpiga mtu wa pwani hii, wala hakufika. Lakini kitabu cha safari zake kinaieleza Zanzibar na watu wake kwa sifa za kudhalilisha, zilizotokana na masimulizi ya kusikia. Hivyo, katika viwanja vitatu tunakutana na aliyetoza kodi, aliyekuwamo katika msafara uliochoma mji, na aliyewaeleza watu asiowaona.

Haidaiwi hapa kwamba waliotoa majina haya walikusudia kutukuza maovu hayo. La kushangaza ni kwamba huenda pwani hii haikuwajia akilini kabisa. Umuhimu wa suala umo katika ukimya huo. Majina hayo si masalia ya mwaka 1888 yaliyosahaulika ukutani. Yalitolewa katika karne ya 21, baada ya vyuo vikuu, vikiwemo vya Hamburg yenyewe, kukusanya maarifa yote yaliyohitajika. Mpango uliopima kina cha mafuriko yanayoweza kutokea miaka mingi ijayo haukupima kina cha majina uliyoyatumia.

Jina HafenCity lenyewe linastahili neno moja. Limeunganisha neno la Kijerumani lenye maana ya bandari na neno la Kiingereza lenye maana ya mji. Mji unaotaka kusikika na mwekezaji wa kimataifa umechukua nusu ya jina lake kutoka katika lugha ya mwekezaji huyo. Ndani ya mji huo kuna pia uwanja uitwao Dar-es-Salaam-Platz, kwa heshima ya jiji ambalo limekuwa rafiki rasmi wa Hamburg tangu mwaka 2010. Hii ni heshima ya kweli na inafaa kupokelewa kwa shukrani. Lakini Dar es Salaam na Vasco da Gama wamewekwa katika mtaa mmoja bila chochote kinachoeleza uhusiano wa historia zao. Mwenyeji na mtoza kodi wamefanywa majirani, na hakuna aliyewatambulisha.

3.3 Baakenhafen na Lohsepark

Tofauti kati ya sehemu mbili za HafenCity inaweka hoja hii wazi zaidi. Lohsepark ni bustani iliyopo mahali palipokuwa na kituo cha reli cha Hannoverscher Bahnhof. Kutoka hapo, kati ya mwaka 1940 na 1945, zaidi ya Wayahudi, Wasinti na Waroma 8,000 walisafirishwa kwa nguvu kupelekwa katika mageto na kambi za mauaji. Mwaka 2017 palizinduliwa hapo mnara wa kumbukumbu wenye majina ya waathirika, na mkondo wa bustani wenyewe umechorwa kwa kufuata njia ya reli ya zamani. Mtoto anayecheza Lohsepark ana nafasi ya kuuliza, na atajibiwa na mahali penyewe. Huu ni upangaji miji wa kiwango cha juu. Unathibitisha kwamba wapangaji wa HafenCity wanajua namna ya kujenga nyumba mpya bila kufuta kaburi.

Mashariki zaidi ipo Baakenhafen, mojawapo ya sehemu zinazosifiwa kwa nyumba za kodi nafuu na uwiano wa wakazi. Kutoka gati za bandari hiyo, kati ya mwaka 1904 na 1908, waliondoka kwa maelfu askari wa Ujerumani waliokwenda Namibia ya leo kupigana na Waherero na Wanama. Vita hivyo viliishia katika mauaji ya kimbari, ambayo Serikali ya Ujerumani iliyakiri kwa jina hilo mwaka 2021. Miaka hiyohiyo, yaani 1905 hadi 1907, wazee wetu walikuwa katika vita vya Majimaji. Madai ya kwamba Baakenhafen iwe mahali pa kumbukumbu ya ukoloni yamekuwa yakitolewa kwa miaka mingi na wazawa wa Waherero na Wanama, pamoja na wanaharakati na wanahistoria. Kilichofanyika Lohsepark hakijawa mwongozo kwa kile cha Baakenhafen. Kumbukumbu imepangwa pale ambapo waathirika walikuwa majirani wa mji. Imesuasua pale ambapo waathirika walikuwa ng'ambo ya bahari.

3.4 Pingamizi na majibu

Msomaji makini anaweza kutoa pingamizi tatu. La kwanza ni kwamba majina hayaathiri ubora wa maisha: nyumba haivuji kwa sababu ya jina la mtaa. Jibu ni kwamba wapangaji wenyewe hawaamini hivyo. Wangeliamini, wangevipa viwanja namba. Walichagua majina yanayovuta hisia kwa sababu wanajua kwamba jina ni sehemu ya kinachouzwa.

La pili ni kwamba majina yakishatolewa hayabadiliki. Historia ya Hamburg inakanusha. Sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, ilihamishiwa Hamburg baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuwekwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini humo ulipewa jina la Emily Ruete, yaani Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyeishi Hamburg. Baadaye jina hilo liliondolewa, baada ya wakosoaji kuonesha kwamba maandishi yake yaliutetea utumwa. Tukio hili la pili linatuhusu pia sisi, kwa kuwa linatukumbusha kwamba kutoka ufukoni hakumfanyi mtu awe safi.

La tatu ndilo zito zaidi. Mbona Malindi yenyewe imeuhifadhi mnara wa Vasco da Gama na kuwaonesha watalii? Tunawezaje kuilaumu Hamburg? Mtafiti anaona tofauti mbili. Kwanza, mnara wa Malindi ni kitu alichokiacha mgeni mwenyewe. Ni ushahidi, si tuzo. Pili, umesimama miongoni mwa watu ambao simulizi ya mwaka 1498 ni sehemu ya elimu yao, na mji wenyewe huusahihisha mnara. Hamburg jina limesimama peke yake. Pamoja na hayo, pingamizi hili linatuwajibisha: nasi mara nyingi tunamweleza mtalii habari za upepo na rubani, na kuiacha dhahabu ya Kilwa.

4.0 Uendelevu na Amana

Neno la Kijerumani tunalolitafsiri kuwa uendelevu lina mzizi wenye maana ya kushika. Lilitokana na taaluma ya misitu, pale Hans Carl von Carlowitz alipoandika mwaka 1713 kwamba miti isikatwe kupita uwezo wa msitu kuota tena. Neno letu limenyambuliwa kutoka enda, endelea, endelevu. Limezaliwa nyumba moja na maendeleo. Mjerumani anasisitiza kushika. Mswahili anasisitiza kwenda. Hatari ya neno letu ni kwamba tunaweza kwenda bila kuangalia tulichokiacha nyuma. Hatari ya neno lao ni kwamba wanaweza kushika walicho nacho bila kuuliza kilitoka wapi.

Kiswahili kina neno linaloweza kuziba pengo la pande zote mbili, nalo ni amana. Amana hushikwa, lakini si mali ya anayeishika. Ina mwenyewe, na siku ya kuulizwa ipo. Ardhi, maji na hewa vya HafenCity vimechukuliwa kama amana ya vizazi vijavyo. Utajiri uliojenga gati hizo haujachukuliwa kama amana ya watu waliouchangia kwa hiari na kwa kulazimishwa. Uendelevu wa aina hii unaangalia mbele kwa macho mawili na nyuma kwa jicho moja.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi kwamba majina matatu yafutwe. Kufuta kungeongeza ukimya juu ya ukimya. Unapendekeza kwamba viwanja hivyo vipewe maelezo yanayotaja Kilwa, Mombasa na Zanzibar kwa tarehe na matukio, yaandikwe pamoja na wataalamu wa pwani hii, na Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha zake. Urafiki rasmi wa Hamburg na Dar es Salaam umeshatoa chombo cha kuifanya kazi hiyo. Aidha, Baakenhafen ipewe hadhi ya kumbukumbu inayolingana na ile ya Lohsepark, kwa maamuzi yanayowashirikisha wazawa wa waathirika.

Somo ni letu pia. Afrika Mashariki nayo inajenga miji mipya inayoitwa endelevu, na majina kama Tatu City, Konza Technopolis na Fumba Town yanafuata mtindo uleule wa HafenCity: nusu ya mahali, nusu ya soko. Watafiti wa Kiswahili wana wajibu wa kuuliza mapema, kabla vibao havijapigiliwa, ni nani aliyeishi hapo, nani alipisha na nani atakumbukwa. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Taa za HafenCity zinatumia umeme kidogo, na hilo ni jema. Majina yake bado yanahitaji kuwashwa.